Salamu Alizozikata Fundi Sedekia

IYUNGA, MBEYA. Saa nne kasorobo asubuhi, Jumapili. Kengele ya kanisa inalia mara ya pili na Iyunga inaanza kutulia. Vinu vimenyamaza. Watoto wamepakwa mafuta na kushikwa mikono. Barabarani lori la mwisho linapanda kuelekea mjini, linabadilisha gia, kisha halisikiki tena.

Ndani ya nyumba moja ya udongo iliyoezekwa bati, mtu amepiga magoti sakafuni, ana chaki mkononi. Anachora duara dogo. Anarudi nyuma hatua mbili, anachora jingine. Dirisha limezibwa kwa blanketi, mlango umezibwa kwa blanketi, na ukutani zimetundikwa mikeka mitatu.

"Simama hapa," anamwambia kijana mwenye gitaa. "Ukiimba usisogee. Ukienda mbele utalifunika gitaa lako mwenyewe. Ukirudi nyuma utakuwa kama mtu anayeimba kisimani."

"Na nikitaka kucheza kidogo, fundi?"

"Cheza kwa vidole vya miguu. Humo humo ndani ya viatu."

Kijana huyo ni Jailos, mshona nguo wa mjini Mbeya. Fundi ni Sedekia Mwakatobe, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Siku za kazi hutengeneza redio mbovu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, hunasa muziki wa gitaa la umeme chumbani kwake, kwa sababu hakuna saa nyingine ya juma ambayo Iyunga hunyamaza kiasi hicho.

Kengele inakoma. Sedekia anavaa visikizio vya masikioni na kubonyeza kitufe. Magurudumu mawili ya mashine yanaanza kuzunguka.

"Sema salamu ya kwenu," anaagiza.

"Ugonile, fundi. Mimi Jailos, na sijanywa chai."

Sedekia anaangalia mshale unavyocheza kwenye kioo cha mashine, anapunguza sauti kidogo, anaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa. Kila anayekuja kupiga hapa huanza kwa salamu ya kabila lake. Ndivyo fundi anavyopima sauti kabla ya wimbo. Mtu akiambiwa ahesabu moja mbili tatu, anasema Sedekia, huhesabu kama yuko shule. Akiambiwa asalimu, hutoa sauti yake ya kweli.

Wimbo unapigwa, unakwisha. Juu ya meza kuna wembe, bado umo ndani ya karatasi yake. Sedekia haugusi.

"Zamani salamu hii ningeikata sasa hivi," anasema. "Siikati tena. Hata iwe ya mlevi."

Anasema hivyo bila kuinua macho. Chini ya meza, karibu na mguu wake, kuna kopo la biskuti lenye mfuniko uliofungwa kwa uzi. Kwa wiki tisa sasa maisha ya Sedekia yamo ndani ya kopo hilo. Amebakiwa na majuma matatu. Tarehe kumi na mbili Septemba, huko Ipogolo chini ya mji wa Iringa, msalaba utasimikwa kwenye kaburi la rafiki yake Edmund Kalinga, na mama wa Edmund anataka siku hiyo amsikie mwanawe akimsalimu.

Salamu hizo zilikuwapo. Zilikuwa nyingi. Sedekia ndiye aliyezikata.

Kazi ya umeme hakuisomea. Aliacha shule darasa la nne huko kwao juu ya Tukuyu, na baadaye, akiwa mtu mzima, akaenda kutafuta kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Chunya. Alibeba nyaya, akapanda nguzo, na kwa miaka kumi na miwili alitazama kwa makini kila Mzungu aliyefungua mashine mbele yake. Mgodi ulipofungwa, miaka mitatu iliyopita, bwana mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mashine yake ya kunasia sauti kwa mshahara wa miezi miwili.

"Nilingoja mume aje na mabati," anasema mkewe, Tusajigwe, ambaye majirani humwita Mama Anyitike. "Akaja na sanduku linaloongea."

"Mabati tulinunua baadaye," anasema Sedekia.

"Tulinunua baadaye, na sasa mvua ikinyesha juu yake huwezi kufanya kazi. Ungeacha nyasi."

Ni kweli. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hakuna muziki unaonaswa katika nyumba hiyo, maana mvua juu ya bati hufunika kila kitu. Iyunga kwake hakuna umeme pia. Sedekia hutumia betri ya lori, ambayo huipeleka mjini kwa baiskeli ikachajiwe. Mashine ya kugeuza umeme wa betri aliinunua kwenye chuma chakavu cha mgodini, nayo hunguruma kama paka, kwa hiyo ameichimbia shimo nyuma ya nyumba na kuifunika ubao na udongo.

Maikrofoni anayo moja tu. Kuchanganya sauti, kazi ambayo huko Ulaya anasikia hufanywa kwa vishikizo vingi vya kuzungusha, yeye huifanya kwa chaki. Mwimbaji karibu, ngoma nje ya mlango, gitaa katikati. Gitaa la umeme lina mambo yake. Sauti yake hutoka kwenye spika, na spika ikielekezwa ukutani hupiga kelele kali. Sedekia amegundua kwamba ikiangalia gunia la maharage hutulia.

"Mwezi wa kumi na moja gitaa hulia vibaya," anasema Tusajigwe. "Maharage yamekwisha."

Kwa wimbo mmoja hutoza shilingi kumi. Gurudumu moja la utepe humgharimu shilingi thelathini na nane, na ni lazima liagizwe kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo lilipotoka lile jambo la wembe. Utepe hautupwi. Kilichonaswa juu yake kikifunikwa na kipya, cha zamani hufutika kabisa, na utepe unafaa tena. Mteja asiyeweza kununua gurudumu lake hujua kwamba wimbo wake utaishi mpaka atakapokuja mwingine.

Hata vipande havitupwi. Baada ya kila wimbo Sedekia alikuwa akikata mwanzo na mwisho, yaani salamu, kicheko, kosa, mtu kusema "ngoja kwanza". Vipande hivyo aliviweka ndani ya kopo la biskuti. Masika yakifika na kazi ikisimama, aliketi na kuviunganisha kimoja kimoja kwa plasta nyembamba mpaka vikawa utepe mzima. Aliuita utepe wa viraka. Huo ndio aliowajaribia wageni, ili asiharibu utepe mzuri kwa mtu ambaye hajajua kupiga.

Edmund Kalinga alikuja Iyunga mwaka 1956, akiwa utingo wa lori lililokuwa likipita kati ya Iringa na Mbeya. Alikuwa na gitaa la kawaida la mbao, kamba nne kati ya sita, na maneno mengi.

"Aliniuliza kama naweza kulifanya liongee kwa nguvu kama redio," anakumbuka Sedekia. "Nikamwambia, gitaa lako likiongea kwa nguvu watu watajua hujui kupiga. Akacheka. Akasema, basi lifanye liongee, nami nitajifunza kwa aibu."

Sedekia alichukua sumaku kutoka kwenye simu iliyokufa ya mgodini, akaifunga nyaya, akaipachika chini ya kamba za gitaa. Waya akaupitisha kwenye redio kubwa aliyoigeuza kuwa amplifaya. Lilikuwa gitaa la kwanza la umeme ambalo watu wa Iyunga walilisikia. Tusajigwe anasema kuku hawakurudi bandani mpaka jioni.

Tangu hapo, kila Jumapili lori lilipolala Mbeya, Edmund alikuwa chumbani humo. Alisimama ndani ya duara lake la chaki, Sedekia akamwambia asalimu, naye akasalimu kwa Kihehe, vile vile kila mara. "Kamwene, mama. Mimi Edmund. Nipo."

Mama yake hakuwepo. Alikuwa Ipogolo, zaidi ya maili mia mbili kutoka hapo, na alikuwa amemkataza mwanawe kukanyaga nyumbani na gitaa. Baba yake Edmund alimalizia maisha yake kwenye vilabu vya ulanzi, palipokuwa na magitaa, na mama hakutaka kuona mtoto akifuata njia ile. Walikosana mwaka 1954. Edmund akaondoka na gitaa lake.

Kilichomuuma zaidi Sedekia, alipokuja kukijua, ni habari ya barabara. Nyumba ya mama ipo kando ya barabara kuu pale Ipogolo, na lori la Edmund lilipita mbele ya mlango huo mara mbili kila juma. Dereva wake, Crispin, anasema wakikaribia pale Edmund alikuwa akipanda juu ya mzigo na kujifunika turubai.

"Nikimwambia, shuka umsalimu mama, anasema Jumapili nitamsalimu," anasimulia Crispin. "Mimi nilidhani anatania. Siku moja nikaingia pale kwa fundi, nikamsikia kwa masikio yangu. Anamsalimu mama yake ndani ya mashine. Halafu fundi anachukua wembe."

Sedekia hakatai. Anasema salamu ile aliichukulia kama kupiga hodi. Mlango ukishafunguliwa, hodi ya nini tena?

Lakini alichokata hakikuwa salamu peke yake. Mwaka jana, masika yalipokwisha, Edmund alianza kukohoa. Mwanzo alikohoa baada ya wimbo, baadaye katikati. Sedekia aliona ni vumbi la barabara. Alikasirika, maana kila kikohozi kiliharibu utepe. Ilipofika Juni, mwezi ambao asubuhi nyasi za Mbeya huwa nyeupe kwa baridi, akamwekea sharti.

"Nilimwambia, Bwana Edmund, kohoa nje, umalize, ndipo uingie," anasema Sedekia. "Akawa anatoka. Anasimama pale kwenye ndizi, anakohoa, anarudi anatetemeka, anasema samahani kaka. Mimi nimevaa visikizio, nasikia kifua chake kuliko mtu yeyote. Kila Jumapili nasikia kimezidi. Daktari alikuja kusikia Agosti. Mimi nilikuwa nasikia tangu Mei, na nilikuwa nakata."

Tusajigwe, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, anaacha kuchambua.

Ulikuwa ugonjwa wa kifua. Edmund alikufa hospitalini mwezi Septemba mwaka jana, akiwa na miaka ishirini na saba. Crispin alimpeleka Ipogolo juu ya lori lile lile, chini ya turubai lile lile. Sedekia alifuatana na maiti, akasimama nyuma ya watu makaburini, akarudi Mbeya bila kumkabili mama. Gitaa hakulibeba. Aliogopa.

Mwezi wa sita mwaka huu ilifika barua, imeandikwa na Juliana, dada yake Edmund. Crispin alikuwa amewasimulia habari ya zile salamu. Juliana aliandika kwamba mama hataki kuletewa nyimbo. Ameambiwa zipo nyimbo tatu nzuri, na anashukuru. Yeye anataka ile salamu, aisikie siku ya msalaba.

Sedekia alifurahi. Alijibu siku hiyo hiyo. Mkewe alimsikia akisoma kwa sauti huku anaandika, "Mwambie mama, ninazo nyingi."

Jioni hiyo akafungua kopo, na kopo lilikuwa jepesi.

Wakati wa masika, miezi mitano baada ya mazishi, alikuwa ameketi kama kila mwaka akaunganisha vipande. Aliunganisha bila kusikiliza. Vilikuwa viraka tu, kama siku zote. Mwezi Mei vijana watatu wa bendi kutoka Rujewa walikuja kujaribiwa, akawanasa juu ya utepe wa viraka, mwanzo mpaka mwisho, upande wote.

"Waliimba wimbo wa kusifu mchele," anasema Sedekia. "Hata hawakuweza kupiga. Nikasikiliza utepe ule saa nzima, nikitumaini labda kuna mahali mashine iliruka. Haikuruka. Mashine hii nimeitunza vizuri mno."

Ndani ya kopo vilibaki vipande mia tatu na kumi na viwili, vile ambavyo masika hayakutosha kuviunganisha. Ndivyo anavyovipitia tangu hapo. Hukichukua kimoja, hukibandika kati ya vipande viwili vya utepe mtupu, hukipitisha kwenye mashine, husikiliza. Kipande chenyewe huenda ni sekunde moja. Kazi ya kukisikiliza ni dakika tano. Vingine vimegeuka, mtu anaongea kinyumenyume, na huna budi kuvibandua uanze upya.

Wengi wa waliomo ni vijana wasemao "ngoja" na "tena". Edmund humtambua kwa kikohozi.

Mpaka sasa amepata vipande kumi na saba. Kumi na vinne ni vya kukohoa. Kimoja Edmund anacheka na kusema, "Nimekosea, fundi, usinitazame hivyo." Kimoja anaomba maji: "Mama Anyitike, naomba maji." Na kimoja, ambacho Sedekia alikipata Jumatano ya juma la nne akatoka nje na kukaa kwenye shina la mgomba mpaka mkewe akamfuata, kina neno moja tu. Kamwene.

Neno linaishia hapo. Wembe ulipita kabla ya mama.

Sedekia anacho kipande kile kwenye bahasha peke yake. Ni utepe wenye urefu wa kiganja. Kwenye bahasha nyingine ana neno mama, lile la kuomba maji. Sauti ni ya mtu yule yule, chumba kile kile, duara lile lile la chaki. Kwa fundi wa aina yake, kuviunganisha ni kazi ya kunywea chai.

"Kata pale baada ya mama, bandika," Tusajigwe alimwambia mumewe. "Si alikuwa anasema hivyo kila Jumapili? Unamdanganya nani?"

"Siku ile hakuwa anamwita yeye. Alikuwa anakuita wewe."

"Basi mimi nimempa. Mpelekee."

"Umempa wewe. Edmund hajampa."

Walibishana siku mbili, wanasema, mpaka Anyitike, binti yao, akauliza kama kuna mtu mwingine amekufa. Mwishowe Sedekia akachukua kalamu. Aliandika barua ya pili Ipogolo, kurasa nne, akaeleza yote: wembe, utepe wa viraka, vijana wa Rujewa, ndizi na baridi. Mwisho akauliza kama mama anaruhusu maneno yale mawili yaunganishwe.

Ilimchukua majuma matatu kuipeleka barua hiyo.

IPOGOLO, IRINGA. Mama Verediana anakaa upande wa chini wa barabara, mahali ambapo malori yanayotoka mlimani hukanyaga breki. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, macho yake yameanza kuingia ukungu. Amekaa uani juu ya ngozi, anamenya viazi kwa kugusa. Juliana ameketi karibu naye, na mahali ambapo Kiswahili cha mama kinaishia, yeye hutafsiri.

Kwanza anauliza kama mgeni, mwandishi wa habari hii, amekula. Akijibiwa kwamba amekula, anasema mtu wa Mbeya huwezi kujua amekula nini, na anaagiza viazi viletwe.

Kisha anasema, "Umetumwa na yule fundi?"

Anaambiwa hapana, lakini fundi anangoja jibu.

"Barua yake nilisomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilimwambia Juliana aichane."

"Sikuichana," anasema Juliana. "Nilichana ya shule ya watoto, nikamdanganya."

Mama Verediana anamtupia ganda la kiazi. Linamkosa. Barabarani lori linapita, na mama anageuza uso kulifuata mpaka mlio wake unakwisha. Juliana anasema ndivyo alivyofanya kwa miaka yote minne. Kila lori.

"Alikuwa juu ya haya malori," anasema mama. "Crispin ameniambia. Mimi nipo hapa namenya viazi, yeye yuko pale amejifunika. Wote wawili tunasikiana kelele." Anaweka kisu chini. "Nilisema miaka minne mwanangu hanisalimu. Niliwaambia majirani, nikamwambia padre. Kumbe alikuwa ananisalimu. Sasa nimeambiwa, lakini kuambiwa nimeambiwa na watu. Nataka aniambie mwenyewe."

Anaulizwa kuhusu maneno mawili, lile la salamu na lile la kuomba maji.

Anamuuliza Juliana jambo kwa Kihehe, na Juliana anajibu kwa jina la Mama Anyitike.

"Huyo mwenzangu alimpa maji?"

Anajibiwa kwamba alimpa.

"Basi neno lile ni lake. Alilipata kwa kumpa mwanangu maji. Mimi nilikuwa namnyima nyumba. Nisichukue cha mwenzangu." Anachukua kisu tena. "Mwambie fundi asimshone mwanangu. Alete vilivyopo."

Na vikohozi? Fundi ana wasiwasi navyo, maana ni vingi, na si vizuri kusikiliza.

"Avilete vyote. Kile kikohozi nakijua. Alikuwa nacho tangu mdogo, yeye na moshi walikuwa hawapatani. Usiku nikikisikia nilikuwa najua mtoto yupo."

Juliana anaandika jibu hilo palepale, nyuma ya karatasi ya barua ya Sedekia, ili Crispin aichukue akipita Alhamisi. Amekwisha kukunja karatasi mama anapomrudisha.

"Andika tena. Kile kisanduku chake cha nyaya, lile gitaa. Nilimwambia Edmund asirudi nacho hapa. Mwambie fundi akilete."

IYUNGA TENA. Karatasi hiyo sasa ipo mezani kwa Sedekia, chini ya wembe. Ameisoma, amemsomea mkewe, na Tusajigwe aliposikia mahali pa maji alifunika uso kwa kanga, akasema alimpa kikombe kimoja tu, na kilikuwa cha bati.

Gitaa la Edmund limeshushwa ukutani. Sedekia ameliwekea kamba mpya mbili, si kwa ajili ya kupigwa, anasema, bali lisifike kwa mama likiwa na mapengo. Sumaku ya simu ameiacha mahali pake.

Jumapili hii, baada ya wimbo wa tatu, Jailos anakohoa. Ni mara moja tu, kifupi, na anaziba mdomo kwa mkono na kutazama mlango, kwa kuwa wote waliopiga hapa wanaijua sheria ya zamani. Sedekia anasimamisha mashine. Anavua visikizio.

"Umeanza lini?"

"Ni vumbi la kitambaa tu, fundi. Natoka kidogo."

"Usitoke. Nakuuliza umeanza lini."

"Juzi. Labda wiki."

"Kesho asubuhi nitakuja na baiskeli, tutakwenda hospitali wote."

"Kesho nina suruali nne za watu."

"Watavaa za zamani."

Jailos anacheka, akidhani ni utani. Sedekia hacheki. Anaandika "Jailos, hospitali" kwenye bahasha na kuanza kukunja waya.

Mpango wake ni huu. Tarehe kumi na moja Septemba atapanda lori la Crispin pamoja na mashine, betri mbili, gitaa, na mkewe, ambaye amesema hawezi kubaki. Mashine ya kugeuza umeme ataichimbia shimo pale pale Ipogolo, mbali na makaburi. Atakapomaliza padre kubariki msalaba, mama atakalishwa mbele ya spika. Haitaelekezwa kwenye gunia la maharage siku hiyo. Itaelekezwa kwake.

Utepe ameshautengeneza. Vinatangulia vikohozi, kwa jinsi vilivyofuatana Jumapili hadi Jumapili, kadiri anavyoweza kukumbuka. Kisha kile kicheko. Kuomba maji kumebaki kwenye bahasha yake, na bahasha ipo kwa Tusajigwe. Wimbo hakuweka hata mmoja. Mwisho kabisa ni neno lile la urefu wa kiganja.

Baada ya neno hilo ameunganisha utepe mtupu. Kamwene hujibiwa kwa kamwene, anaeleza, na mtu hawezi kusalimiwa halafu mashine izimwe kabla hajajibu. Aliupima kwa mikono yake miwili, akaitanua mpaka mwisho, pima moja kamili. Ni sekunde kumi hivi.

"Kwa kijana nusu yake ingetosha," anasema fundi Sedekia, akifunga mfuniko wa kopo. "Lakini yule ni mama mzee. Asije akaharakishwa."